Je, Waziri Mkuu Drees ndo aliyempeleka babu mkwe vitani Indonesia?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Uholanzi na huu ni mwaka wa saba niko huku. Babu wa mume wangu alifariki mwaka juzi akaacha boksi la picha na barua, kumbe 1947 alipelekwa Indonesia kwenye jeshi la lazima akiwa na miaka 20, na maisha yake yote hakuwahi kulizungumzia. Juzi kwenye bethidei ya wifi kukazuka ugomvi mezani. Baba mkwe anasema wa kulaumiwa ni Drees, ndo alikuwa waziri mkuu. Wifi akamjia juu, eti Drees ni mtu mwema aliyewapa wazee pensheni, na tena waziri mkuu wa Uholanzi hana nguvu, mambo ya makoloni yalikuwa ya malkia na majenerali. Mwanangu wa sekondari ana insha ya hilo hilo na ananiuliza mimi, na mimi kwetu Waholanzi niliwasoma kwenye habari za makaburu tu. Nani yuko sahihi? Na hili boksi tulifanyeje, maana humo kuna picha nyingine siyo za kuangalia."

Marahaba dada, na poleni kwa msiba hata kama umeshapita. Nikikuelewa vizuri hapo una maswali mawili yamevaa shati moja, la kwanza ni la mwanao, kwamba waziri mkuu wa Uholanzi alikuwa na sauti kiasi gani kwenye koloni la Indonesia, na la pili ni la familia, kwamba huyu mzee tumlaumu, tumuonee huruma, au tulifunge boksi tulirudishe darini. Naanza na la mwanao kwa sababu likieleweka, la pili linapungua makali.

Baba mkwe wako ameteleza kwenye tarehe. Kama mzee aliondoka 1947 basi hakupelekwa na Drees, waziri mkuu wakati ule alikuwa Louis Beel wa chama cha Wakatoliki, alishika Julai 1946 na kutoka Agosti 1948. Willem Drees wa chama cha Labour ameingia tarehe 7 Agosti 1948. Lakini wifi asishangilie mapema, kwa sababu kwenye serikali ya Beel huyo huyo Drees alikuwa ndani, waziri wa mambo ya jamii na naibu wa Beel, na ile sheria ya pensheni ya wazee iliyomfanya watu wamwite baba Drees ni ya 1947, mwaka ule ule wa shambulio la kwanza la Uholanzi kule Indonesia. Yaani ni mtu mmoja, meza moja ya baraza la mawaziri, wiki hii wanaongelea wazee wa Uholanzi wapate chochote na wiki ijayo wanaongelea wanajeshi waingie Java na Sumatra. Watu wengi wanataka wachague mmoja, Drees wa pensheni au Drees wa vita, na ndo maana mnagombana mezani.

Sasa hili la malkia. Lina ukweli lakini ni ukweli wa miaka 100 nyuma ya babu mkwe. Katiba ya Uholanzi ya mwanzo, ile ya 1814, ilimpa mfalme peke yake mamlaka juu ya makoloni, bunge halina la kusema, na Mfalme Willem I aliitumia vilivyo, akamtuma Johannes van den Bosch Java, naye 1830 akaanzisha ule mfumo wa kulazimisha wakulima watenge sehemu ya mashamba yao walime miwa, kahawa na nili kwa ajili ya serikali. Faida iliyokuwa inabaki ilipelekwa moja kwa moja hazina ya Uholanzi, ukijumlisha mpaka miaka ya 1870 inapita gilda milioni 800, na humo ndo zilitoka hela za reli na za kulipa madeni ya taifa (ukipanda treni huko kwenu ukumbuke). Baadaye 1848 mwanasiasa mmoja, Thorbecke, akaandika katiba upya, mawaziri wakawa wanawajibika bungeni badala ya mfalme, na 1864 ikapita sheria kwamba bajeti ya koloni nayo lazima ipitishwe na bunge. Tangu hapo mfalme au malkia anaweka saini tu, anayebanwa kwa maswali ni waziri. Hata ile hotuba maarufu ya redio ya Malkia Wilhelmina ya tarehe 7 Desemba 1942, aliyoahidi kwamba baada ya vita koloni litakuwa na nafasi mpya ndani ya ufalme, ilikuwa sera ya serikali yake iliyokuwa uhamishoni London. Kama kwenye karatasi za babu mtaona jina Divisheni ya 7 Desemba, ndo imepewa jina la hotuba hiyo, kwa hiyo kikosi kilichokwenda kupigana kilibeba jina la ahadi. Mi kila nikilifikiria hilo nacheka kwa uchungu.

Kwamba waziri mkuu hana nguvu, hapo wifi ana nusu. Ukitoka Tanzania au Kenya akili inakwambia mkuu wa serikali ni bosi, anateua, anatumbua, anapiga simu usiku mkuu wa mkoa hana kazi. Uholanzi siyo hivyo. Kwa muda mrefu hata cheo chenyewe hakikuwepo, kulikuwa na mwenyekiti wa baraza la mawaziri, na kabla ya Abraham Kuyper kuingia 1901 uenyekiti ulikuwa unazunguka tu kama zamu ya kuchota maji. Jina rasmi la waziri mkuu limekuja 1945. Hana uwezo wa kumfukuza waziri mwenzake kwa amri yake, na serikali ni ya mseto, vyama viwili mpaka vinne, kila chama kina watu wake. Koloni lilikuwa na waziri wake mwenyewe, na chini ya huyo waziri kuna gavana mkuu anakaa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, umbali wa wiki kadhaa kwa meli enzi hizo. Kwa hiyo kikaratasi kinachotoka The Hague kikifika huko kimeshapitwa na mambo, na mtu wa kule anafanya lake halafu anaomba radhi au hata haombi.

Lakini sikiliza sasa mambo yanavyogeuka mtu akiamua kushika usukani. Mwambie mwanao aweke kwenye insha yake jina la Hendrikus Colijn, hata kama mwalimu hajamtaja. Huyu alikuwa askari wa jeshi la koloni, kijana kabisa 1894 alipigana Lombok, na kwenye barua aliyomwandikia mke wake anaeleza jinsi alivyoamuru wanawake na watoto waliokuwa wanaomba huruma wapigwe risasi. Akapigana Aceh, akapanda, akaingia bungeni, akawa waziri wa vita, akaenda kampuni ya mafuta iliyokuwa tawi la Shell, halafu akarudi kwenye siasa na kuanzia 1933 mpaka 1939 ndo waziri mkuu, na kuanzia 1933 mpaka 1937 akajipa na uwaziri wa makoloni hapo hapo. Viti viwili, makalio mamoja. Kipindi hicho Sukarno, kiongozi wa wapigania uhuru, akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Flores 1934, wenzake Hatta na Sjahrir wakatupwa Boven-Digoel, kambi ya wafungwa wa kisiasa katikati ya msitu wa Papua, bila kesi mahakamani, gavana mkuu alikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo na waziri aliyekuwa juu yake ni Colijn mwenyewe. Na kwenye uchumi, dunia imeanguka, nchi zinaachana na kiwango cha dhahabu (yaani kufunga thamani ya hela kwenye dhahabu) ili bidhaa zao ziwe rahisi, yeye kang'ang'ana na gilda ya dhahabu mpaka Septemba 1936, na hela ya koloni imefungwa kwenye gilda hiyo hiyo, kwa hiyo sukari ya Java ikawa ghali sokoni na viwanda vikafunga milango. Mkulima wa Java ambaye hajui hata Colijn ana sura gani alilala njaa kwa uamuzi wa mtu mmoja mkaidi wa The Hague.

Halafu kuna hili ambalo mimi binafsi naliona kubwa kuliko yote. 1936 kwenye Volksraad, lile baraza la wawakilishi la koloni ambalo halikuwa na meno, mjumbe mmoja anaitwa Soetardjo akapeleka ombi. Ombi la upole mno, anaomba ufanyike mkutano wa kupanga jinsi Indonesia itakavyopata kujitawala ndani ya miaka 10, tena bila kutoka kwenye ufalme. Likapigiwa kura likapita, 26 kwa 20, kuna mpaka Wazungu walilikubali. The Hague wakakaa nalo miaka miwili. Novemba 1938 jibu likatoka, hapana. Waziri wa makoloni wakati huo alikuwa Welter na waziri mkuu ni Colijn. Ukihesabu ile miaka 10 kutoka 1936 unaangukia 1946, yaani mwaka ambao Uholanzi ilikuwa inasomba maelfu ya vijana kwenye meli kwenda kupigania kisichopiganika. Sisemi vita isingekuwepo, Wajapani waliingia 1942 wakabadilisha kila kitu, na Sukarno na Hatta walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945 siku mbili baada ya Japani kusalimu amri. Nasema tu kwamba mlango ulikuwepo na aliyekuwa ameshika komeo alikuwa mkuu wa serikali.

Turudi kwa babu. Beel 1947: tayari wameshasaini na Jamhuri ya Indonesia, ile ya Sukarno na Hatta, makubaliano ya Linggadjati, mwezi Machi, kwamba wataelewana. Julai 21 wanajeshi wakaingia. Wakaita operesheni ya kipolisi, ili ionekane ni mambo ya ndani siyo vita ya nchi na nchi, na jina la siri la operesheni lilikuwa Produkt. Yaani bidhaa. Hazina ya Uholanzi ilikuwa imekauka baada ya kukaliwa na Wajerumani, waziri wa fedha anapiga kelele kwamba jeshi la kule linakula hela kila siku na mashamba ya mpira, chai na sukari yako mikononi mwa Jamhuri, basi wakaenda kuyachukua mashamba. Huyo waziri wa fedha, Lieftinck, alikuwa wa chama cha Drees. Wapo wanachama wa Labour waliochukia wakarudisha kadi, ila mawaziri wao walibaki kwenye viti.

Kuhusu kupelekwa kwa nguvu, baba mkwe ajue katiba ya Uholanzi ilikuwa inakataza kumpeleka kijana wa jeshi la lazima nje ya bara bila ridhaa yake, ikabidi waibadilishe 1946. Waliokataa kupanda meli walifungwa, wengine miaka. Kwa hiyo mzee wenu miaka 20 uchaguzi wake ulikuwa meli au jela, na jamii nzima inamwambia anakwenda kuleta amani. Hilo ni la kweli na halifuti yaliyotokea kule.

Sasa Drees mwenyewe. Uchaguzi wa Julai 1948 Wakatoliki walipata viti 32, Labour 27, katika 100. Ili kumpa Indonesia nafasi mpya kisheria ilibidi katiba ibadilishwe, na katiba inataka theluthi mbili, yaani 67. Wao wawili wana 59. Kwa hiyo wakalazimika kuwaingiza na vyama viwili vingine, CHU cha Waprotestanti na VVD cha waliberali, ambavyo havikuwa na haraka yoyote ya kuachia koloni, na kwenye majadiliano hayo uwaziri mkuu ukaangukia kwa Drees ingawa chama chake siyo kikubwa, na Beel akatumwa Batavia kuwa mwakilishi mkuu wa taji. Umeona hiyo picha? Waziri mkuu wa jana ndo yuko kule na jeshi, anaandika telegramu kila siku kwamba tupige, na waziri mkuu wa leo yuko The Hague na baraza ambalo nusu yake inataka kupiga na nusu haitaki, na akilazimisha upande mmoja serikali inavunjika.

Drees hakutaka shambulio la pili kule Indonesia, hilo nalisema bila wasiwasi. Novemba 1948 waziri wake wa mambo ya nje, Stikker, alikwenda mpaka kule kuongea na Hatta. Desemba mabishano ya baraza yakawa ya usiku na mchana, kukatafutwa upenyo wa mwisho, Hatta akapewa masharti ajibu kwa muda wa saa chache tu, muda ambao hata barua ya kawaida haiwezi kwenda na kurudi. Jumapili tarehe 19 Desemba 1948 askari wa miamvuli wakashuka uwanja wa ndege wa Maguwo, Yogyakarta, makao makuu ya Jamhuri, ikachukuliwa, Sukarno na Hatta wakakamatwa. Hoja ya Labour kubaki serikalini ilikuwa kwamba wakitoka, itaingia serikali bila wao na itapiga zaidi. Hiyo hoja siyo ya kijinga. Ila angalia ilichofanya, kila anayebaki anasema mimi nazuia mabaya zaidi, na mabaya yenyewe yanatokea na saini yake iko chini. Nguvu ya waziri mkuu wa mseto haionekani sana kwenye anachoamuru, iko kwenye anachokiacha kipite ili meza isipinduke, na mi kwa maoni yangu hapo ndo Drees anabeba mzigo wake. Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho, kujiuzulu, na hakukitumia.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Marekani wakasimamisha msaada wa Marshall (ule wa kujenga upya nchi baada ya vita) kwa upande wa Indonesia, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Januari 1949 likataka viongozi waachiwe na mamlaka yakabidhiwe, na huko vijijini vita ya msituni ikapamba moto, Jenerali Sudirman, mkuu wa jeshi la Jamhuri, anaumwa kifua kikuu anabebwa kwenye machela na bado anaongoza. Hapo ndo Drees akashika usukani kweli, akasafiri mwenyewe kwenda Indonesia Januari, Februari waziri wa makoloni Sassen aliyekuwa anataka kuendelea akaachia ngazi, Mei wakaelewana na Jamhuri, naye Beel akajiuzulu kwa kutopenda. Tarehe 27 Desemba 1949 Malkia Juliana na Hatta wakasaini Amsterdam. Indonesia ikapewa uhuru ikabebeshwa na deni la gilda bilioni 4.3, na humo zilikuwepo gharama za vita iliyopigwa dhidi yake yenyewe. Na ile theluthi mbili ikaleta tena kisirani, ili kura zitoshe bungeni New Guinea ya Magharibi ikaachwa mikononi mwa Uholanzi, ugomvi ukaendelea mpaka 1962.

Kwa hiyo mezani kwenu baba mkwe alikosea mwaka, wifi alikosea karne. Mzee aliondoka chini ya Beel na inawezekana kabisa amerudi chini ya Drees, maana wengi wa kundi lake walikaa miaka miwili mitatu.

Sasa kwa nini hakuongea? Hapo napo kuna mkono wa mkuu wa serikali. Januari 1969 askari wa zamani, Joop Hueting, alisema kwenye televisheni kwamba uhalifu wa kivita ulifanyika, akatishiwa maisha. Waziri mkuu Piet de Jong akaagiza nyaraka zipekuliwe haraka, ikatoka ripoti ndani ya miezi michache ikisema kulikuwa na kupitiliza hapa na pale lakini jeshi kwa ujumla lilikuwa sawa. Sentensi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 50. Askari aliyeona mabaya akaambiwa hakuona, na asiyefanya kitu akahofia kuitwa muuaji akifungua mdomo, wote wawili wakanyamaza. Mpaka Februari 2022 watafiti walipotoa matokeo kwamba ukatili uliopitiliza ulikuwa wa mara kwa mara na wakubwa wa kisiasa na wa kijeshi waliuvumilia, na siku hiyo hiyo Waziri Mkuu Mark Rutte akaomba radhi. Waindonesia waliokufa wanahesabiwa karibu laki moja, wanajeshi wa upande wa Uholanzi elfu tano na kitu.

Kwa insha ya kijana: asiandike waziri mkuu "aliamua" wala "hakuhusika", achague mwezi mmoja, kwa mfano Desemba 1948, aonyeshe nani alisukuma, nani alivuta na nani alikaa kimya. Mihtasari ya baraza la mawaziri ya wakati ule iko wazi kwa mtu yeyote, Nationaal Archief ya The Hague, ukishuka stesheni kuu ya treni ni pua na mdomo. Mpeleke. Wahudumu wa pale wamezoea wanafunzi, na faili lenyewe mkononi halifanani na kusoma kwenye simu.

Boksi: msitupe kitu na msichome, hata zile picha mbaya, tena hasa hizo. Msibandue picha kwenye albamu, gundi ya zamani inachana karatasi, na nyuma ya picha mara nyingi kuna maandishi ya penseli, jina la kijiji au tarehe. Pigeni picha ukurasa mzima kwanza. Watoto wadogo wasizikute peke yao. Kama kuna picha za maiti au za wafungwa msiziweke mtandaoni, hao nao wana ndugu ambao wako hai. Taasisi ya historia ya jeshi, NIMH, nayo iko The Hague, wanapokea mikusanyo ya namna hii na watawaambia kilichomo ni nini, hapo ndo pa kwenda ana kwa ana maana kwa picha ya simu mimi siwezi kukwambia kikosi gani kilikuwa wapi siku gani. Na kama baba mkwe ameanza kukosa usingizi, au anarudi kwenye boksi kila usiku, basi ni kumwona daktari wenu wa familia, na pia kuna taasisi ya askari wa zamani, Nederlands Veteraneninstituut, inahudumia hata familia zao. Ugomvi wa bethidei mara nyingi hauhusu Drees.

Kabla ya safari ya archive fanya hivi: zipange barua kwa tarehe, usisome, tarehe tu. Angalia kama kuna zilizoandikwa kabla ya 21 Julai 1947, halafu angalia Desemba 1948, kama kuna wiki ambazo ghafla hakuna barua. Ukishapata hizo tarehe niandikie.